Mwalimu Aliyeandikwa Mtunza Stoo

Na Warda Mwero, msaidizi wa muda, maabara ya kompyuta

Leo, tarehe 27 Februari 2026, Bi. Mwanapili Chirau anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Wasichana Mzambarauni, hapa Msambweni, kwa miaka thelathini na minne. Barua yake ya kustaafu inasema muda wote huo alikuwa mtunza stoo. Nimeombwa na shule niliandike neno hilo katika karatasi hii ya kumuaga. Nimeliandika, na sasa naomba ruhusa ya kueleza kwa nini si haki.

Ni kweli aliajiriwa kutunza stoo. Mwaka 1993 hoteli moja ya Diani iliipa shule kompyuta mbili kuukuu. Hakuna mwalimu aliyejua kuziwasha, basi zikapelekwa stoo, zikawekwa kati ya majembe na magunia ya maharagwe. Ndani ya kasha moja mlikuwa na kitabu cha BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa Marekani mwaka 1964 ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Bi. Mwanapili alikisoma kwa miezi mitano, kamusi mkononi. Hakutumwa na mtu.

Programu yake ya kwanza ilikuwa ya adabu. Ukiwasha kompyuta ilikuandikia "Shikamoo", na haikufungua chochote mpaka uiitikie "Marahaba". Mwalimu mkuu wa wakati huo, Bw. Ngui, mtu wa bara, aliijibu "Mzuri". Ikamwamkia tena. Akaandika "Ndiyo". Ikamwamkia tena. Walimu walikuwa mlangoni wakijizuia kucheka.

"Mwitikie mtoto, mwalimu," Bi. Mwanapili alimwambia. "Hajafunzwa neno jengine."

Mashine mbili hazikuwatosha wasichana arobaini, kwa hiyo aliwafundisha nje, barazani. Kila msichana alikuwa mstari mmoja wa programu, namba yake kifuani. Mmoja alishika bakuli lililoandikwa A. Mstari ukisema ongeza moja, punje ya haragwe inatiwa bakulini. Ukisema rudi mstari wa ishirini, zamu inarudi kwa msichana wa ishirini, na asiyekuwa macho anachekwa. Hata sisi tuliomaliza Kidato cha Nne mwaka jana, tuliokuta kompyuta ishirini, alituanzisha kwa bakuli. Ndivyo tulivyojua kwamba kompyuta haina uchawi. Inafuata ulichoiandikia, hata ukikosea.

Mwaka 1996 alitunga programu ya kupanga ratiba ya masomo. Kabla ya hapo naibu wa mwalimu mkuu alimaliza likizo nzima na karatasi za manila na kifutio, na bado mwalimu mmoja angejikuta na madarasa mawili kwa wakati mmoja. Programu hiyo imehamishwa kutoka mashine hadi mashine, na ndiyo iliyotoa ratiba ya muhula huu. Shule ilipopewa tuzo kwa ajili ya programu hiyo mwaka 2004, waliopanda jukwaani walikuwa wengine. Yeye aliambiwa abaki nyuma ahesabu viti.

Mara tatu aliomba cheo chake kibadilishwe. Mara tatu alijibiwa kwamba hana cheti cha ualimu wala cha kompyuta. Walipotaka ratiba, hakuna aliyemwuliza cheti. Walipotaka wasichana wafundishwe, hakuna aliyemwuliza cheti. Kinaulizwa siku ya kumpa jina lake tu.

Mwaka jana mgeni mmoja, mtu mzima, alimwambia mbele yetu, "Mama, hiyo BASIC ni ya makumbusho."

"Kweli, mwanangu," alimjibu. "Na wewe ulianza na ipi?"

Mgeni alitazama chini, akasema ni hiyo hiyo.

Nzisa Mwangangi, anayeandika programu za hospitali jijini Nairobi, alianza kwa kushika bakuli barazani petu. Twaiba Jaafar, anayepima samaki Shimoni na kuwaandika kwa programu aliyojitungia mwenyewe, naye pia. Siku hizi wanatumia lugha nyingine, lakini aliyewafungulia mlango ni mmoja, na hakuwafundisha kutunza stoo.

Nyote mnaoshika karatasi hii ukumbini, nawaomba jambo moja. Cheti chake cha utumishi kitasomwa leo, na kikishasomwa ndicho atakachokwenda nacho nyumbani maisha yake yote. Akiitwa mtunza stoo, tafadhali msipige makofi. Nyamazeni, hata kama kimya hicho kitatutia aibu sote. Subirini mpaka aitwe mwalimu.

Mwalimu Mwanapili, ahsante kwa kila tulichojifunza kwako. Mwenyezi Mungu akujaalie afya njema na siku nyingi za raha huko kwenu Majoreni.