Idhini ya Shyamala Karanth

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, tarehe tatu Machi. Kompyuta ya ofisi moja hapa Bengaluru ilituma ujumbe: "Shyamala, kazi kumi na saba zinasubiri idhini yako."

Shyamala Karanth alikuwa amefariki Alhamisi. Ijumaa mwili wake ulichomwa. Jumatatu mashine ikamkumbusha kazi.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Shyamala Karanth, mwandishi wa programu za kompyuta, mkazi wa mtaa wa Malleswaram, aliyefariki akiwa na miaka hamsini na tatu. Programu yake inapanga sampuli za damu katika maabara za hospitali thelathini na moja. Ikikosea, majibu ya mgonjwa mmoja yanakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo hakuna badiliko lililoingia humo kabla mtu mwenye idhini hajalisoma. Mtu huyo alikuwa Shyamala. Peke yake. Hilo la peke yake tutalirudia.

Mwaka 2011 alikwenda kukaa maabara siku tatu, kutazama tu. Akaona mpimaji mwenye glavu zilizolowa akibonyeza kompyuta kwa ncha ya penseli, kwa sababu vitufe vya kwenye skrini vilikuwa vidogo. Akarudi ofisini akasema vitufe vikuzwe.

Wakamcheka. "Dada, unataka kitufe kikubwa kama chapati ya dosa?"

"Nakitaka kikubwa kama aibu yako," akajibu, "siku utakapompa mgonjwa majibu ya mwenzake."

Vitufe vikakuzwa.

Namna yake ya kukagua kazi ilijulikana ghorofa nzima. Alikuita mezani kwake, akakusogezea kiti, akasema: "Soma. Kwa sauti." Imtiyaz Shariff alifanya kazi naye miaka sita. Anasema: "Unafika mstari wa tatu, unasikia ujinga wako kwa masikio yako. Yeye anakunywa kahawa tu. Afadhali angetukana."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe ni dogo na linaudhi.

Ofisi ile ina kanuni: mtu haruhusiwi kuidhinisha kazi yake mwenyewe. Ni kanuni nzuri. Aliiandika Shyamala, mwaka 2010. Wakati huo wenye idhini walikuwa wawili. Mwaka 2019 mwenzake aliacha kazi, na nafasi yake haikujazwa. Shyamala akaandika ombi kwenye mfumo: jina la Imtiyaz liongezwe kando ya lake. Ombi hilo, kama badiliko lolote, lilihitaji kuidhinishwa na mwenye idhini. Mwenye idhini alikuwa yeye. Na yeye ndiye aliyeliandika. Mfumo ukalikataa.

Aliyeweza kuivuka kanuni alikuwa mtu mmoja: mkuu wa idara, Dinakar Pai. Shyamala alimwendea. Imtiyaz alikuwepo.

"Kanuni uliiandika wewe, dada," Pai alimwambia akicheka. "Leo inakubana?"

"Niliandika kanuni ya watu wawili. Wa pili yuko wapi?"

"Tutoe toleo hili la programu kwanza."

Toleo likatoka, likaanza jingine. Aliandika ombi mara kumi na moja katika miaka mitano. Nimeonyeshwa yote kumi na moja. Maneno hayabadiliki, isipokuwa sentensi moja iliyoongezwa kwenye la tisa: "Ninahitaji likizo ya upasuaji."

Valvu ya moyo. Daktari alipanga tarehe ya Juni. Ikaahirishwa. Septemba, ikaahirishwa. Januari, ikaahirishwa. Mara zote tatu ni Shyamala aliyepiga simu hospitali kuahirisha. Binti yake, Nivedita, anasimulia akiwa na hasira ambayo hakuificha:

"Begi la hospitali lilikaa nyuma ya mlango miezi minane. Nilikuwa nafagia nikilizunguka. Nikamwambia, Mama, wewe lala hospitali, wao wajijue. Akaniuliza, nani atasoma? Nikamwambia, wasisome! Akanitazama kama nimetukana mungu wa nyumbani."

Sisemi kazi ilimuua. Daktari hakusema hivyo, na mimi si daktari. Ninasema upasuaji uliahirishwa mara tatu, na sababu aliyoitoa mara zote tatu ilikuwa ile ile: hakuna mtu wa pili.

Alhamisi, tarehe ishirini na saba Februari, saa mbili asubuhi, Nivedita alimletea kahawa barazani. Mama yake alikuwa ameegemea kiti, kompyuta mapajani, imefunguka. Hakuamka.

Pai alikuja msibani. Alimwambia Nivedita, "Mama yako alikuwa nguzo yetu."

Nivedita akamjibu: "Mzee, kwa nguzo moja mnajenga nyumba gani?"

Kwa Nivedita Karanth na ukoo wote wa Malleswaram, poleni sana. Kwa Imtiyaz na wenzake waliosoma kwa sauti mezani pale, poleni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho mkifika kazini, tafuteni jina la mtu ambaye bila yeye hakuna kinachokwenda. Msimsifu. Mwekeeni mwenzake, kesho hiyo hiyo.

Limebaki jambo moja. Jumatatu ile ile, saa sita na dakika tano mchana, Dinakar Pai aliketi kwenye kompyuta yake, Imtiyaz amesimama pembeni. Hakuandika ombi jipya. Alifungua lile la kumi na moja, akaivuka kanuni, akaidhinisha. Mfumo umeweka kumbukumbu. Mwombaji: Shyamala Karanth. Muda uliotumika: sekunde arobaini na mbili.