Mama Mchanga Hakumwaga Maji

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, na nawaombeni radhi mapema: nimekuja hapa na hasira, na sina mpango wa kuificha.

Wenzake walimwita Mama Mchanga. Alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha sufuria kwa miaka kumi na tisa. Sufuria ikipigwa msasa ili ing'ae, hutoa vumbi laini la alumini, laini kuliko unga wa ngano. Vumbi hilo linashika moto. Likiwaka, halitaki maji. Nitarudia, maana kuna watu hawajaelewa mpaka leo: alumini ikiwaka, usimwage maji. Inafunikwa kwa mchanga mkavu, polepole.

Yeye aliyajua hayo kwa uso wake. Mwaka wake wa kwanza, mtu alitupa taka za kufagia kwenye jiko la mkaa. Ukaruka mwali mweupe ukamla nyusi zote mbili, na hazikuota tena vizuri. Alizichora kwa penseli kila asubuhi. Wenzake walimtania kwamba leo umeamka umeshangaa, leo umeamka umenuna. Alicheka nao. Kisha akaweka ndoo ya mchanga mkavu kando ya kila mashine, na kila jioni alifagia kwa brashi laini, taratibu, vumbi lisipande hewani.

Mume wake ni fundi cherehani. Ameniambia hivi: "Nyumbani kwetu kulikuwa na ndoo mbili za maji na moja ya mchanga. Wageni walidhani tunajenga. Siku moja mafuta yaliwaka jikoni, nikamwagia maji. Moto ukapanda mpaka kwenye pazia. Mke wangu aliuzima, halafu akaninunia wiki nzima."

Wiki nzima, wasikilizaji. Kwa kikaango kimoja. Shikeni hapo.

Jumanne ile kiwanda kilikuwa kinangoja wageni wakubwa. Msimamizi akaona ndoo za mchanga zinachafua sura ya kiwanda. Akaamuru zitolewe nje. Mahali pake zikaja ndoo za maji, zimepakwa rangi nyekundu, zinapendeza kwelikweli. Kisha akataka vyuma vya dari vipulizwe kwa mpira wa upepo, ving'ae. Juu ya vyuma vile kulikuwa na vumbi la miezi, na mashine chini bado zinazunguka.

Mama Mchanga alimfuata. Alimwambia, "Mzee, vumbi likipanda hewani na cheche ikalikuta, hatutoki humu. Zima mashine kwanza, nipe siku mbili nifagie."

Msimamizi akamjibu, "Mama, vumbi hili lingekuwa la kuua, lingeshatuua zamani."

Mpira wa upepo ukafunguliwa. Yeye akatoka nje kufuata ndoo zake. Alikuwa amerudi na moja tu cheche iliporuka.

Mimi sikuwepo. Lakini fundi wa msasa alikuwepo, mashine ya tatu kutoka mlangoni, na amekubali kuzungumza ingawa bado anakula mkate wa kiwanda hicho. Maneno yake ni haya: "Moto ulianza mdogo, upana wa sinia. Mama Mchanga akaanza kuufunika kwa mchanga. Msimamizi akachukua ndoo nyekundu pale mlangoni. Mama akamwambia, si maji, mzee, si maji. Msimamizi akayarusha, akatoka. Moto ukaruka mpaka darini. Mama alinisukuma nje kwa mlango wa pembeni. Nilipogeuka, vumbi lote la juu lilikuwa limelipuka."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga hawakukijua kiwanda hicho. Aliyekataa kusikia anatembea kwa miguu yake miwili. Aliyeonya ndiye tuliyemzika.

Na bado haikutosha. Tumewaomba wenye kiwanda waje waseme upande wao. Hawakuja. Badala yake wamekwenda mara tatu nyumbani kwa mume wa marehemu wakiwa na barua. Barua inasema marehemu alikosea mwenyewe kwa kumwaga maji kwenye moto, na chini kuna mahali pa mume kutia sahihi. Mume amekataa mara zote tatu. Alinieleza akiwa ameshika uzi mdomoni: "Mke aliyeninunia kwa kikaango, leo wanasema alimwagia alumini maji. Wanamsema nani huyo? Mimi simjui."

Fundi cherehani, sisi sote hapa tunakupa pole. Pole kwako, kwa binti zako, na kwa wakwe zako. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayefanya kazi kwenye vumbi la chuma, kesho kabla mashine hazijawashwa, pitisha kidole juu ya chuma kilicho karibu na kichwa chako. Kikirudi kijivu, usikubali ziwashwe. Tafakari ni nani pale kazini amekuwa akisema jambo hilo, na kwa nini mnamcheka.

Najua barua ile itarudi kwa fundi mara ya nne. Watamkuta na cherehani yake, lakini hatakuwa peke yake tena. Ninyi nyote sasa mmesikia ni nani aliyemwaga maji.