Nilimsamehe Dereva, Wakaniambia Yamekwisha

Mwakeye, ndugu zangu. Naomba niseme nimekaa, maana nikisimama sana huu mguu unaanza kuhubiri kabla yangu. Chekeni tu, nimezoea.

Wengi mnanifahamu, mimi ni wa hapahapa Murungu. Mwaka 2012, wakati wa kupalilia maharage, nilikuwa natembea pembeni mwa barabara ya kwenda Kibondo mjini na mkungu wa ndizi kichwani. Gari la mizigo likitokea Kasulu likakosa breki kwenye mteremko. Sikulisikia. Nilizindukia hospitalini, paja limevunjika, na ndizi zangu sijui zililiwa na nani.

Kesho yake dereva akaja wodini na mama yake. Kijana wa watu alilia mpaka kamasi, akapiga magoti. Nikamwambia, "Inuka, baba. Nimekusamehe." Nilisema kwa moyo wote, na hilo silijutii hata leo. Ninachojuta ni kilichofuata.

Tajiri mwenye gari alituma wazee nyumbani kwetu na mbuzi na kreti za soda. Mume wangu na shemeji zangu wakawapokea, wakala pamoja, wakaombeana heri. Kisha wakaongozana polisi kusema wamemalizana, hakuna madai. Shemeji yangu mkubwa akaja kunipa habari kitandani, na nyama kidogo kwenye bakuli. "Shemeji, yamekwisha," akasema. Nami nikaila ile nyama.

Mngefanya nini ninyi? Kwetu hapa ukishakula cha upatanisho, kudai tena ni aibu ya ukoo mzima. Na neno fidia mimi nililijua la kanisani tu, kwamba Mwokozi alijitoa kuwa fidia yetu. Mama wa kwaya nidai fidia ya mguu? Niliona ni kumgeuka yule kijana.

Lakini mguu haukuambiwa kwamba yamekwisha. Mfupa uliunga vibaya. Daktari akasema niende hospitali ya rufaa. Shemeji zangu wakatazamana, kwa sababu tajiri tulishamwambia hatudai, na mwingine wa kumwendea kwa gharama hakuwepo. Nikarudi nyumbani nikawa napalilia nimekaa, najisogeza kwa makalio kutoka mstari hadi mstari. Nilimnunia mume wangu hata chumvi sikumwomba. Hapa kanisani naimba, moyoni nawatukana wote waliokula yule mbuzi, na mimi nikiwemo.

Mwaka 2014 niliingia duka moja Kibondo mjini kununua sabuni. Mwenye duka ni Mwislamu, kwao pwani. Akauliza, "Mama, mguu huo umepatwa na nini?" Nikamsimulia. Akauliza tena, "Na bima wamekulipa?"

"Bima gani, baba? Sisi tulishasameheana."

Akatoka nami hadi kwenye gari lake, akanionyesha stika kwenye kioo. "Hii nailipia kila mwaka, kwa sababu naweza kumgonga mtu kama wewe. Kijana umemsamehe, Mungu akulipe. Lakini bima haijakukosea, mama, wala haijakuomba msamaha. Ipo kwa ajili ya kuutibu mguu huo. Wahi Kasulu kwa watu wa msaada wa sheria, maana nasikia ikipita miaka mitatu mahakama haikusikilizi."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisahau hata sabuni.

Kasulu nilipokewa na dada mmoja. Akataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, taarifa ya daktari, namba ya gari. Tulipofuatilia polisi, jalada lilikuwa limefungwa kwa maneno yetu wenyewe, na watu wa bima wakashika hapohapo: familia ilikiri imemalizana. Nililia mbele ya yule dada. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Waliomalizana si wenye mguu. Wewe hukuulizwa. Dereva yuko wapi?"

Nilimfuata kwao Rungwe Mpya. Nikamwambia, "Baba, msamaha wangu uko palepale. Naomba useme tu ilivyokuwa." Alikuwa bado anaendesha gari la yule tajiri. Akanisogezea kigoda nikae. Kisha akasema, "Mama, nilikugonga mimi, na breki nilizilalamikia kabla ya siku ile. Nitasema."

Alisema kweli, na kazi akaikosa.

Bima ililipa mwaka huu, baada ya kuzungushana sana, nikapasuliwa. Daktari wa rufaa alishika ile picha ya mfupa, akaniambia, "Ungekuja mwaka ule wa kwanza, ningeunyoosha wote." Maneno hayo naamka nayo kila asubuhi.

Namshukuru mwenye duka na dada wa Kasulu. Namshukuru yule kijana kuliko wote. Mume wangu ameniomba radhi, nasi sasa tunaombana chumvi. Ninachowaambia ni hiki: msamaha ni wako na aliyekukosea, utoe hata leo. Madai ya mwili ni kitu kingine, na anayeyafunga ni mwenye mwili, akishasikia daktari amesema nini.

Kuna familia hapa ndani ambayo binti yao yuko wodini tangu juzi, amegongwa na pikipiki. Najua wageni wameshafika kwenu. Wapokeeni, wapeni na chakula. Ila msiwajibu kitu kwanza. Tukitoka hapa nisubirini mlangoni, twende wote tukamuulize binti mwenyewe. Nisubirini tu, mimi natembea polepole.