Mama Nyufa na Kisima cha Mtaa wa Chini

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, familia imeniomba niwasomee maisha ya shangazi yangu, mliyezoea kumwita Mama Nyufa, jina alilolipenda kuliko cheo chochote alichowahi kupewa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili jirani na machimbo ya mawe. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, na tarehe 2 Oktoba 1981 akaingia chuo kikuu kusomea miamba na maji yaliyomo, ingawa baba yake alimtania, "Mwanangu, mawe yamejaa hapa uani, unayafuata wapi?"

Aliajiriwa katika maabara ya maji tarehe 6 Januari 1986, na kazi yake yote ilikuwa kufuatilia jinsi kitu kilichoyeyuka kinavyosambaa katika maji yapitayo kwenye nyufa za mwamba. Alikuwa akipasua jiwe, akilibana tena, akipitisha maji ya chumvi katika ufa, na kabla chombo hakijasoma lolote yeye ameshaonja tone kwa ulimi, tabia ambayo wenzake waliikemea naye akaicheka. Alitufundisha kwamba ufa si bomba, kuta zake zina vinundu na vishimo, maji hukimbia palipo wazi na kuzubaa vishimoni, kwa hiyo chumvi nyingine hutokeza upande wa pili mapema kuliko ulivyotarajia, na nyingine hujibanza humo, ikavuja kidogo kidogo wakati kila mtu ameshakwenda zake.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza rafu za maabara, na tarehe 9 Mei 1990 wakajaliwa binti yao wa pekee, ambaye leo ni mwalimu.

Sasa tunafika mahali panapotutia kichefuchefu, lakini hatutapapita kimya. Mwaka 2014 kiwanda cha ngozi kilianza kumwaga uchafu wake kwenye machimbo yaliyoachwa, maji ya rangi ya nyongo, yenye povu, mafuta na manyoya, na mwaka uliofuata, uchafu ukiwa umepenya nyufa za mwamba, kisima chetu cha Mtaa wa Chini kikanuka, kikafungwa. Miaka kadhaa baadaye kiwanda kilipoacha kumwaga, bodi ya maji ilikuja kupima, ikawasha pampu, ikaiacha ivute mpaka maji yatoke maangavu, ndipo ikajaza chupa zake, ikatangaza kuwa kisima ni salama. Mama Nyufa aliwaeleza kikaoni kwamba wamepima maji yanayokimbia tu, kwamba wailaze pampu siku kadhaa, sumu iliyojibanza vishimoni irudi majini, kisha wapime maji ya kwanza kabisa, yale ambayo mama wa nyumbani huyakinga alfajiri. Mkuu wa bodi, aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe, akamjibu, "Mama, umeshastaafu, hebu tuachie," akacheka, na meza nzima ikacheka, kwa kuwa mwenye kiwanda alikuwa ameketi palepale akitafuna karanga.

Basi akaenda mwenyewe, kila pampu ilipolala, akakinga maji yale ya kwanza, akayapima kwa chombo, na kwa mazoea ya miaka yote akayaonja, akatema, akarudi nyumbani na ladha ya chuma na ngozi mbichi isiyotoka hata kwa dawa ya meno. Vipimo vyake bodi haikuvigusa, eti havina muhuri.

Mwezi Juni 2022 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara kwa mara, na tarehe 11 Februari 2024, saa tisa alasiri, akafariki dunia. Daktari hakusema kuwa ni maji yale, nasi hatutamsingizia. Tunachojua ni kwamba kila aliyeingia wodini aliulizwa swali lilelile, "Wameshakifungua?" na kwamba bodi imepanga kukifungua Jumatatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kununa, na wenzake wa maabara waliompigania. Shada la maua lililoletwa na kiwanda tumelirudisha getini, kwa sababu hatuwezi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya jeneza. Na ninyi majirani, mliomwita mbishi, mliomwambia aache kuwatisha watoto, bodi imewasha pampu ya kisima hiki kwa majaribio tangu juzi, maji yanatiririka bure hatua chache kutoka hapa, lakini maji yote ya msiba huu mmeyabeba kichwani kutoka kilimani, na hakuna aliyewatuma. Kwa hilo hatuna shukrani ya kutosha.

Shangazi, wamekusikia. Pumzika sasa, kwa amani.