Bibi Xu Yinlian na Mhuri wa Chai ya Shiliao

Bibi Xu Yinlian alizaliwa tarehe 28 Aprili 1941 katika kijiji cha Shiliao, wilaya ya Anxi, mkoani Fujian nchini China, mtoto wa nne wa Mzee Xu Tianfu na Bi Huang Xiu'e. Mama yake alichuma chai hadi asubuhi ya siku ile ile, kwa kuwa msimu wa kuchuma haumsubiri mtu.

Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la nne, mwaka 1953, kisha akaacha ili alee wadogo zake. Hesabu ilimpiga chenga. Lakini walimu walimfunga macho kwa kitambaa, wakampa vikombe vyao vya chai anuse, naye akataja kila kimoja ni cha nani bila kukosea.

Tarehe 12 Januari 1963 alichumbiwa na Lin Chaogui, wa ukoo wa waoka chai. Alikubali kwa sharti moja: aruhusiwe kuingia chumba cha mkaa, ambamo majani huokwa juu ya makaa na hakuna mwanamke aliyewahi kutia mguu. Mama mkwe akamuuliza, "Wewe binti, unaolewa na mwanangu au na makaa?" Akajibu, "Na wote wawili, mama." Harusi ilifanyika mwezi uliofuata.

Alioka chai kwa miaka hamsini na minane, kwanza katika kikosi cha uzalishaji cha kijiji, na tangu 1981 nyumbani kwake. Joto alilipima kwa mgongo wa mkono juu ya kikapu cha kuokea. Kila kifurushi kilitoka na mhuri wake mwekundu, na mhuri ule ulikuwa na maana moja tu: nimeinywa mwenyewe. Mwaka 1994, mvua ilipoharibu majani, alikataa kugonga mhuri msimu mzima. Mzee Chaogui alimnunia siku tisa. Siku ya kumi mzee mwenyewe aliomba chai, na tunaona fahari kusema kwamba Bibi hakumwomba radhi.

Mwaka 2021 alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka, nao ulianza kwa kumnyang'anya uwezo wa kunusa. Hakuficha. Mwanawe Guorong, ambaye ndiye asomaye wasifu huu na hana pa kujificha, alimwambia, "Mama, wewe gonga tu mhuri. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wateja wanataka jina lako, mama."

"Basi kawauzie karatasi!"

Akamwita binti yake Suying, aliyeoka pembeni yake miaka ishirini bila kuamua ubora wa hata kikapu kimoja. Akaweka vikombe vitano mbele yake. "Onja, useme."

"Na nikikosea?"

"Watakucheka. Mimi walinicheka, mbona sijafa?"

Suying alionja, akarudia. Mwishowe akakisogeza kando kikombe cha tatu. "Hiki hakifai, mama. Moto ulizidi."

Kilikuwa cha kikapu alichooka Bibi mwenyewe, na Suying alilijua hilo. Bibi alilia, akacheka, kisha akaenda kukimwaga kikapu kile shambani kwa mikono yake. Mhuri wake aliusugua kwenye jiwe hadi ukawa bapa, akaagiza mwingine uchongwe kwa jina la bintiye. Msimu uliofuata alikaa mlangoni akiwaambia wateja, "Huyu aliikataa chai yangu. Mwaminini."

Aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Mumewe alimtangulia mwaka 2010.

Ameacha mwana mmoja wa kiume, Lin Guorong, fundi umeme. Wajukuu wanne na kitukuu mmoja. Mdogo wake, Bi Xu Yinhua. Na binti yake, Lin Suying, mwoka chai wa Shiliao.

Pumzika kwa amani, mama. Chai ina mwenyewe.