Bibi Aliyeanza na Dirisha

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu kuja kutushika mkono, anayesimama hapa ni mjukuu wa kike wa marehemu, mwenyewe alikuwa akiniita Mdomo, na waliopendekeza nisome mimi walisema nina sauti, wakasahau kuuliza sauti hiyo itasema nini. Baba Mkubwa aliniletea historia iliyokwisha kuchapwa, ukurasa mmoja safi, una kila kitu cha Bibi isipokuwa nyumba yake, nami kwa heshima zote nimeikunja na kuikalia. Hii mtakayoisikia nimeiandika mimi niliyeishia kidato cha pili, kwa hiyo mwenye kalamu nyekundu aiweke mfukoni mpaka tumalize kuzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne kati ya saba, mama yake akiwa mfinyanzi wa vyungu na baba yake mchunga ng'ombe wa watu, akazaliwa juu ya sakafu ya udongo, akanusa udongo kabla hajaonja maziwa. Alianza shule mwaka 1957 na kuishia darasa la saba, si kwamba akili zilimpungukia, alikuwa nazo za kugawa, bali zamu ya kusomeshwa ilihamia kwa kaka zake, ambao walisoma sana na kufeli sana, na wawili wako hapa mbele, shikamooni.

Tarehe 1 Februari 1970 aliajiriwa kuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2004, na humo ndani ya stoo ndimo alimopatia ubishi wake, maana aliona kiti kikivunjika mguu mmoja kinaandikwa kimekufa, dirisha likipasuka kioo kimoja linapelekwa jikoni kuwa kuni, na alikuwa akisema kwamba duniani vitu vingi vinazikwa vikiwa hai.

Alifunga ndoa na Babu tarehe 9 Septemba 1972, Babu akiwa dereva wa lori, aliyefiwa na mke na kubaki na mtoto mdogo, ambaye ndiye Baba Mkubwa, na marafiki zake Bibi walipomcheka kwamba anachukua mume wa mtumba, aliwajibu kuwa mtumba ukiuchagua kwa makini unadumu kuliko wa dukani. Babu huyo hapo mbele, miaka zaidi ya hamsini, bado hajachuja. Baba Mkubwa alilelewa mpaka wageni wakawa wanasema kachukua pua ya Bibi, kisha wakazaliwa baba yangu mwaka 1974 na Shangazi mwaka 1977, na wajukuu tuko wanane, mimi nikiwa bora kuliko wote, na wenzangu wanalijua hilo ingawa leo watanuna.

Sasa nafika pale ukurasa wa Baba Mkubwa uliporuka. Mwaka 2005 shule ile iliweka madirisha mapya ya alumini, yale ya zamani ya mbao ngumu yakarundikwa nyuma ya jiko yakisubiri shoka, Bibi akayaomba, akayaleta kwa mkokoteni kwenye kiwanja hiki kilichokuwa kitupu kabisa, akayasimamisha kwa miti, kila moja peke yake, bila ukuta wala paa. Asubuhi anaketi nyuma ya hili, jioni nyuma ya lile, anaangalia jua linaingiaje na upepo unatokea wapi, lisilomridhisha analihamisha, na wapita njia wakimuuliza, mama, unauza madirisha au umepatwa na nini, anawaambia, nyinyi piteni tu, ukuta utakuja wenyewe, njia unaijua. Na ukuta ulikuja, msingi wa mawe, juu yake udongo uliochimbwa hapahapa, ukachanganywa na mchanga, majani makavu na samadi, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukalainika kama unga wa kukanda, kuta zikapakwa chokaa, paa likapata vigae vya mahakama ya zamani iliyobomolewa, na milango ikaokotwa mmoja mmoja, kila mmoja na kwao. Anayesema Bibi alijenga hivyo kwa umaskini namwomba asimsingizie maiti, pensheni alikuwa nayo, Bibi hakuwa maskini, alikuwa mbishi.

Mwaka 2009 presha ya macho ilianza kumnyang'anya Babu nuru, kidogo kidogo mpaka ikaimaliza, na Bibi hakulia mbele ya mtu, alichukua bisibisi na kung'oa vishikio vya milango yote. Wa mbele akaufungia pembe ya ng'ombe, wa jikoni kijiko kikubwa cha chuma kilichopindwa, wa chumbani donge la shaba lililotoka kwenye kitanda cha zamani, wa bafuni kigurudumu cha mbao cha cherehani. Wageni walicheka kwamba nyumba hii kila mlango una kabila lake, lakini tazameni, Babu hatembei na fimbo humu ndani, hashikwi mkono, mkono wake ukigusa pembe anajua yuko wapi, ukigusa kijiko anajua chai iko karibu, na ukutani vidole vyake vinasoma, pale penye changarawe ni njia ya uani, pale palipolainishwa kama shavu ni mlango wa Bibi.

Mwaka 2016, Bibi akiwa safarini kumuuguza dada yake, wanawe walimleta fundi akazipiga kuta zote plasta ya saruji na rangi ya maziwa, wakidhani wanampa zawadi, aliporudi akaizunguka nyumba, kisha akasema, wanangu, mmeipaka poda, sasa itatokwa jasho wapi. Msimu wa mvua ulipofika maji yakapenya nyuma ya saruji yakakosa pa kutokea, ukuta wa magharibi ukavimba kama mtu mwenye jino bovu, ukamwagika usiku mmoja, na Bibi, akiwa na miaka sitini na saba, akashika patasi akaibandua saruji yote. Hapo ndipo nilipoacha shule nikashika mwiko, na nisifichwe sifa yangu, ukuta mnaouegemea upande ule ni wangu, katika kazi ya udongo sijamwona anayenifikia, anayebisha baada ya mazishi aje na mwiko wake.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kubanwa na kifua, akalazwa, ikaonekana moyo umetanuka, akatibiwa na kuruhusiwa, akalazwa tena mwezi Mei, akaomba arudishwe kwake, na tarehe 6 Juni, alfajiri, alifariki kitandani pake, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Babu. Wanaonong'ona kwamba ameuawa na vumbi la kuta, daktari wake amekaa safu ya tatu, nendeni mkamnong'oneze yeye.

Na jana jioni, ili picha zitoke vizuri, kamati ilileta wapambaji wakaufunika ukuta wa mbele na mlango wake kwa kitambaa cheupe kinachong'aa, tukawa tunapita nyuma. Leo asubuhi Babu alitoka uani kupata hewa, akazunguka kurudi ndani kama siku zote, akanyoosha mkono kutafuta pembe akashika kitambaa, akapapasa kulia, kitambaa, akapapasa kushoto, kitambaa, akasimama nje ya nyumba aliyoishi miaka yote hii na kuuliza kwa sauti ya mgeni, samahanini, hapa ni kwa nani. Nilikirarua kile kitambaa kwa mikono hii, wapambaji nitazungumza nao, na kama mmeshangaa mbona mapambo yameishia nusu, sasa mmejua.

Nasema haya kwa sababu nyuma ya nyumba yameshushwa matofali ya saruji kabla hata jeneza halijafika, na kikao kimepangwa baada ya makaburini, ajenda ikiwa ni kubomoa na kujenga nyumba ya kisasa ya kupangisha, Babu apelekwe ghorofani kwa Baba Mkubwa, kwenye milango sita iliyotoka kiwanda kimoja siku moja. Baba Mkubwa, najua unampenda baba yako, hilo silibishi. Lakini kule atakuwa kipofu. Hapa ni mzee tu asiyeona. Nimemuuliza mwenyewe, maana katika kamati nzima hakuna aliyemuuliza, akaniambia nikifika hapa niwaambie wanawe, mimi si kabati, sihamishwi, na kiwanja ni changu na mama yenu, yeye ameshaondoka, na nusu yake mimi nimeikalia. Kwa hiyo kikao kipo, kitafanyika ndani, nyote mnakaribishwa, ila ajenda ni zamu za kumpikia Babu na nani atanisaidia kupaka chokaa kabla ya mvua, mimi nimekwishahamisha godoro langu. Matofali yasipotee bure, yatatosha banda zuri la kuku.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, walimu na wafanyakazi wa shule aliyoitumikia, majirani mliokesha nasi, mliochota maji na mlioleta viti ambavyo, kama nilivyovikagua, vingi miguu yake imelegea, viacheni nitavitengeneza, wapwa wa Babu waliokuja kutoka mbali, na Baba Mkubwa, aliyelipia jeneza bila kumwambia mtu, nami namsema hadharani kwa sababu mdomo wangu haujui siri, akasirike tu.

Pumzika kwa amani, Bibi, usumbufu tuachie sisi.