Hesabu za Kibuyuni za Marehemu Gideoni Kaingu

Wazee wetu na mama zetu, shikamooni, na nyote mliofika, familia inawaomba mtusikilize hadi mwisho, kwa maana kuna jambo ambalo mjane, Mama Jumwa, ameliogopa kwa miaka mitatu.

Marehemu Gideoni Kaingu Mwinga alizaliwa tarehe 4 Machi 1919 huko Mariakani, akasoma shule ya misheni kuanzia 1928 hadi 1937, ambako padri mmoja alimfundisha Kilatini akitumaini kumpata mrithi, lakini yeye alitoka na swali tu, kwamba Wareno wasingaliondoka pwani hii, leo tungalisema lugha gani, na tungalisali wapi?

Alimwoa Jumwa Garama tarehe 12 Januari 1946, wakajaliwa Kanze na Tsuma, na mwaka 1951 wakahamia Kibuyuni, alipopata ukarani Shimoni, jirani yao akiwa Mzee Waziri Chome, aliyekula nao Krismasi, nao wakala kwake Idi. Kila jioni marehemu alitunga lugha ya pwani hiyo isiyokuwapo, akikizungusha Kilatini mdomoni hadi kikalainika, na kwa kila kijiji akaandika daftarini wangalikuwako Wakristo wangapi na Waislamu wangapi, mkewe akimcheka kwamba anahesabu watu wasiozaliwa ilhali idadi ya kuku wake haijui.

Agosti 1962 aliajiriwa kuhesabu watu, akapita nyumba kwa nyumba, kisha bila kuwaza akaendeleza mchezo wake kwenye karatasi za serikali zilizobaki. Mei 1963, kila mtu akinong'ona nani atafukuzwa uhuru ukija, Mzee Waziri aliingia kuazima jembe, akaona mezani, kwa mwandiko uleule uliomwandika yeye na wanawe: Kibuyuni, Wakristo 340, Waislamu hakuna.

Mzee Waziri hakuuliza, aliogopa, akawahamishia wanawe Mkwiro siku ileile, kijiji kizima kikaingiwa na hofu, na marehemu akaogopa kuliko wote, akamwamuru mkewe achome kila daftari, akawa hatoki bila kutazama nyuma, kila gari la serikali likimtoa jasho, na alipoeleza kwamba ile ni nchi ya kubuni, watu walizidi kumkwepa. Kwa miaka mitatu nyumba zile mbili hazikusalimiana.

Leo Mama Jumwa anakiri kwamba hakuchoma, aliyaficha madaftari uchagani juu ya meko, akaishi akiwaogopa polisi, na akimwogopa mumewe pia.

Tarehe 2 Oktoba 1966 marehemu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Msambweni, akawa anasema lugha yake tu, wagonjwa wenzake wakadhani ana pepo, lakini mkewe alilitambua neno moja alilofundishwa zamani, vizinyu, yaani jirani, akaenda na hofu yake kubisha hodi kwa Mzee Waziri, naye akaja, akamshika mkono hadi Ijumaa tarehe 14, saa nane mchana, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makarani wenzake wa Shimoni, na majirani, hasa wana wa Mzee Waziri, waliorudi kutoka Mkwiro kuchimba kaburi hili. Madaftari yako hapa mezani, aliyekuwa na hofu aje asome.

Gideoni, vizinyu wako ameketi karibu nawe, basi pumzika bila hofu.